Bahasha Niliyoitupa: Kupanga na Kuorodhesha Picha za Zamani za Kilimanjaro

Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya watunza kumbukumbu wa vyama vya ushirika, sharika, parokia na shule

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa hapa mbele, walimu, makatibu wa vyama vya msingi, na ninyi nyote mnaotunza kumbukumbu za sharika na parokia za mkoa huu, shikamooni wote mnaostahili shikamoo yangu, na wengine nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga na kuorodhesha picha za zamani. Najua wengi wenu mmekuja mkitarajia kusikia habari za skana, nami nitazifikia, lakini sitaanzia huko, kwa sababu katika miaka niliyofanya kazi hii nimeona picha nyingi zilizoskaniwa vizuri kabisa ambazo hakuna tena awezaye kusema ni za nani, zilipigwa wapi, wala zilitoka katika kasha lipi. Ninalotaka kulisema leo ni kwamba sehemu kubwa ya maana ya picha ya kumbukumbu inatokana na pale ilipokutwa: bahasha iliyoibeba, picha zilizoitangulia na kuifuata, daftari lililoitaja, na mtu aliyeitunza. Mpangilio huo ukivurugwa kabla ya kuandikwa, hakuna mashine itakayourudisha.

Nalisema hili kwa uchungu wa kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi, familia ya mpigapicha mmoja wa mjini hapa, ambaye studio yake ilikuwa imefungwa baada ya yeye kufariki, ilitukabidhi makasha 11 ya negativi, yaani filamu na vioo ambavyo picha za karatasi huchapwa kutoka kwavyo. Kila negativi, au kifungu cha negativi mbili tatu, kilikuwa ndani ya bahasha ndogo iliyochakaa, yenye vumbi na michirizi ya mende, na kwenye pembe ya kila bahasha kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa penseli. Nilikuwa na ari. Nilitandika shuka safi sakafuni, nikazitoa zote, nikaanza kuzigawa kwa mambo yaliyoonekana: harusi huku, misiba kule, ubatizo, wanafunzi, mikutano ya ushirika, picha za pasipoti. Baada ya wiki mbili kila kitu kilikuwa ndani ya bahasha mpya nyeupe, kimepangwa kwa mada, na bahasha kuukuu nilizichoma pamoja na takataka nyingine za ofisi. Nilisifiwa kwa kazi hiyo.

Miezi kadhaa baadaye mjane wa yule mpigapicha alikuja na daftari refu alilolikuta juu ya kabati. Kila mstari ulikuwa na namba, tarehe, jina la mteja, kijiji alichotoka, na kiasi alichotanguliza. Namba zile ndizo zilizokuwa kwenye pembe za bahasha. Majina ya watu waliotoka Kibosho, Machame, Rombo na Marangu kuja kupigwa picha, pamoja na siku waliyoingia studio, yote yalikuwemo humo, na nyuso zao tulikuwa nazo makashani. Kamba iliyounganisha jina na uso nilikuwa nimeikata mimi. Mama yule hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nitaweza kumwonyesha picha ya fulani, jirani yake wa zamani, ambaye jina lake lilikuwa wazi kabisa katika daftari, na sikuweza.

Wahifadhi nyaraka walikwisha kulijua jambo hili zamani. Huko Ufaransa, waraka wa serikali wa mwaka 1841 uliagiza kwamba nyaraka zinazotoka kwa taasisi moja, mtu mmoja au familia moja zikae pamoja na zisichanganywe na za wengine, na baadaye katika karne hiyohiyo ya 19 hifadhi za nyaraka za Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, zikaongeza kwamba mpangilio ambao mwenye nyaraka alizipanga nao usivunjwe. Kwa lugha ya kwetu naweza kuyalinganisha haya na masale ya mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Sale ni mmea wa kawaida, na ukilipeleka sokoni pengine hakuna atakayelinunua, lakini likiwa limesimama pale babu alipolipanda linatoa ushahidi ambao baraza zima la ukoo linaukubali. Lichimbue, ulipande mahali pengine palipo pazuri zaidi, nalo litamea, ila halitasema tena lolote juu ya mpaka.

Kwa hiyo kasha la picha linapofika ofisini kwenu, lisimwagwe mezani. Lipigeni picha kwa simu likiwa limefungwa, kisha likiwa limefunguliwa, kisha kila tabaka kadiri mnavyoshuka. Andikeni katika daftari la mapokezi nani amelileta, tarehe gani, lilikuwa limehifadhiwa wapi na kwa muda gani, na aliyelileta ana uhusiano gani na aliyezipiga au aliyezikusanya picha hizo. Mazungumzo hayo ya mlangoni, ambayo huwa tunayafanya tumesimama huku tukiwahi mambo mengine, mara nyingi hayarudiwi tena. Baada ya hapo kila kitu kipewe namba kwa utaratibu kilivyokutwa, hata kama utaratibu huo unaonekana kama fujo. Namba iwe na ngazi: mkusanyo, kundi ndani ya mkusanyo, bahasha au ukurasa wa albamu, kisha picha yenyewe, ili mtu anayeishika picha ya 17 ajue mara moja kwamba iko katika bahasha ya 2 ya kundi la 3. Mkitaka baadaye kuziona harusi zote pamoja, hilo ni jambo la faharasa, na faharasa inaweza kukusanya kwa namna yoyote mnayotaka bila picha kuondoka mahali pake.

Albamu nazo zina shida yake. Wengi wetu tunazo majumbani zile zenye kurasa za gundi zilizofunikwa na plastiki, ambazo zilipendwa sana miaka ya 1980 na 1990. Gundi ile huharibu picha, na plastiki yake mara nyingi huharibu zaidi, hivyo kuna sababu nzuri ya kuzitoa. Lakini ukurasa wa albamu ni maelezo yaliyotungwa na mtu: aliamua nani akae karibu na nani, nani awe wa kwanza, na chini yake akaandika neno. Upigeni picha ukurasa mzima, pamoja na maandishi, kabla ya kubandua hata picha moja. Na picha iliyoshika sana msiilazimishe, iacheni hapo ilipo.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama kila picha lazima iandikiwe maelezo yake. Hebu tufanye hesabu. Mkusanyo wa picha 4,000, kila moja ikipewa dakika 15 tu, unahitaji saa 1,000. Mtu mwenye saa 6 za kazi kwa siku atahitaji zaidi ya siku 160 bila kugusa jambo jingine, na sisi hapa karibu wote tunaifanya kazi hii baada ya kazi nyingine. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka, ambacho toleo lake la pili lilitolewa na Baraza la Kimataifa la Nyaraka mwaka 2000, kinatufundisha kuanza juu na kushuka chini: eleza kwanza mkusanyo mzima, kisha makundi yake, kisha, pale panapostahili, picha mojamoja. Kiwango hicho kina vipengele 26, lakini vya lazima kabisa katika kubadilishana taarifa na hifadhi nyingine ni 6: namba ya rejea, kichwa, aliyeuzalisha mkusanyo, tarehe, ukubwa wake, na ngazi inayoelezwa. Chama cha msingi chenye daftari la kurasa 96 na penseli kinaweza kuvijaza vyote. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa uangalifu juu ya mkusanyo mzima ni bora kuliko picha 200 zilizoelezwa kwa undani na 3,800 zisizojulikana hata kama zipo.

Sasa niseme juu ya maneno tunayoyaandika, kwa kuwa hapa ndipo penye utajiri na ndipo penye hatari.

Maandishi yaliyokutwa kwenye picha, iwe nyuma yake, chini yake au kwenye bahasha, yanakiliwe jinsi yalivyo, pamoja na makosa yake, na yawekwe ndani ya alama za kunukuu. Kichwa mlichokitunga ninyi kiwekwe ndani ya mabano ya mraba, ili msomaji ajue kipi kilisemwa na mwenye picha na kipi kimesemwa na mworodheshaji. Hili si jambo dogo kwetu. Picha nyingi za zamani za mlima huu zilipigwa na wamisionari, wasafiri na watawala, na nyingine tunaweza kuziona leo kwenye intaneti, kama zile za wamisionari wa Leipzig zilizomo katika hazina ya picha za misheni inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California. Chini ya picha kama hizo mara nyingi utakuta mzungu ametajwa kwa jina na cheo, na watu kumi waliosimama naye wameitwa tu “wenyeji”. Tukiyafuta maneno hayo tutakuwa tumeficha jinsi picha ilivyotazamwa wakati wake. Tukiyaacha peke yake tutakuwa tumeyakubali. Yanukuliwe, kisha chini yake liandikwe tunalolijua sisi. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ilipozitoa maelfu ya picha zake kwa Wikimedia, hazina huru ya mtandaoni, mwaka 2008, zikiwemo za Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam enzi za Wajerumani, iliacha maelezo ya awali yalivyokuwa, ikatahadharisha kwamba yanaweza kuwa na makosa au upendeleo, na watazamaji wakaanza kuleta masahihisho. Huo ni mfano wa kufuata, na masahihisho yanayohusu milima hii yanapaswa kutoka kwetu.

Majina ya mahali yanahitaji tahadhari ya pekee. Tuchukue picha iliyoandikwa “Moschi”, kwa tahajia ya Kijerumani. Mwenye haraka ataandika Moshi Mjini. Lakini boma la Wajerumani lilikuwa juu, Old Moshi, katika nchi ya Mangi Meli, mtawala wa Kichagga waliyemnyonga Machi 1900, na mji huu wa tambarare ulikua pale reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911. Picha ya “Moschi” iliyopigwa kabla ya mwaka huo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya mlimani, na hapo mtazame mteremko, migomba na umbo la kilele cha Kibo kabla ya kuandika lolote. Vivyo hivyo kilele tunachokiita Uhuru kilibeba jina la mfalme wa Ujerumani, na picha inayokitaja kwa jina hilo isibadilishwe nukuu yake. Iongezewe tu jina la leo ili mtafutaji aipate.

Majina ya vyama na vyeo nayo husaidia kukadiria tarehe. Chama cha wakulima wa kahawa wa asili wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikakifuata mwaka 1933. Bango lenye herufi hizo nne, kama ni la wakati uleule, linatuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Picha inayomwita mtu Mangi Mkuu inatuelekeza miaka ya Thomas Marealle, aliyesimikwa mwaka 1952. Bendera ya Tanganyika iliyopepea juu ya shule inatuambia kwamba Desemba 1961 imekwisha kupita. Kingo za picha zilizokatwa mawimbi, chapa ya karatasi upande wa nyuma, namba za gari, sare za wanafunzi, paa la nyasi lililokuwepo katika picha moja na mabati katika nyingine, yote hayo ni mashahidi. Mkishayapima, andikeni “takriban 1955”, au “kati ya 1952 na 1961”, na mseme ni kwa sababu gani. Mwaka mmoja ulioandikwa kwa ujasiri bila sababu utanukuliwa na watu hamsini baada yenu.

Wengine hudhani kuhangaikia tarehe ni ushupavu wa wahifadhi. Tazameni mlima wenyewe. Vipimo vya wanasayansi vinaonyesha kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2007. Picha ya familia iliyosimama mbele ya nyumba huku Kibo ikiwa wazi nyuma yao, ikiwa na tarehe na mahali iliposimama kamera, inaweza kumsaidia mtafiti kuona barafu ilikuwa imefika wapi. Picha hiyohiyo bila tarehe inabaki kuwa picha ya familia na mlima mzuri.

Nije kwa wazee wetu. Njia ninayoiamini kuliko zote ya kupata majina ni kuketi na wazee wawili au watatu pamoja, nyumbani kwao, mchana penye mwanga, mkiwa na nakala kubwa za karatasi. Picha halisi ibaki ofisini. Kila uso katika nakala upewe namba kutoka kushoto kwenda kulia, kuanzia mstari wa nyuma. Mwacheni mzee azungumze kwa lugha anayoikumbuka nayo, Kimachame, Kivunjo au Kirombo, na rekodini kwa ridhaa yake. Kisha andikeni aliyesema, siku aliyosema, na kwa uhakika gani. Wazee wakitofautiana, andikeni kauli zote mbili. Si kazi ya mworodheshaji kuamua ubishi wa mezani kwa kumheshimu aliye na sauti kubwa zaidi. Nami naomba kwa moyo wangu wote tuwatafute akina mama wazee, maana mara nyingi nimeona orodha zenye majina kamili ya wanaume, na wanawake wote wakiwa “mke wa fulani” au “Mama fulani”, wakati dada zao na rafiki zao wa kipaimara wapo hai na wanalikumbuka jina la kila mmoja wao na nyumba aliyozaliwa.

Kwa maneno ya faharasa, kubalianeni neno moja kwa kila jambo na mliandike mahali pamoja. Mmoja akiandika mfongo na mwingine mfereji wa asili, mtafutaji ataona nusu ya picha na kudhani ndizo zote. Chagueni moja liwe kuu, na jingine lielekeze huko.

Juu ya utunzaji nitapita haraka. Picha hazipendi joto la chini ya bati, wala unyevu wa masika, wala mabadiliko ya mara kwa mara ya hayo mawili. Chumba cha ndani, kisichogusa ukuta wa nje, juu ya rafu ya chuma, kinatosha kuanzia. Msitumie bahasha za kaki, gundi ya utepe, pini, raba za kufungia wala plastiki ya PVC. Andikeni kwa penseli laini nyuma ya picha, pembeni, na picha ikiwa imelala juu ya sehemu ngumu. Zile za karatasi ya plastiki hazishiki penseli, basi namba iandikwe kwenye bahasha kabla picha haijaingizwa. Negativi za kioo zisimame kwa ubavu wake mrefu, zisilale moja juu ya nyingine. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza, itengwe na nyingine. Na filamu za kale za naitreti, ambazo zilitengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, huwaka moto ambao maji na kukosa hewa haviuzimi kwa urahisi. Mkizishuku, msizirundike ofisini, ombeni ushauri wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Sasa skana. Mkiwa mmekwisha kutoa namba, jina la faili liwe namba ileile ya picha, bila maneno mengine, ili faili na kitu kisipotezane. Picha ya karatasi ya ukubwa wa kawaida iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, ihifadhiwe kama TIFF, aina ya faili kubwa inayotunza ubora, isiyoguswa tena, na kutoka humo itolewe nakala ndogo ya JPEG ya kutazamia. Skanini na upande wa nyuma pale penye maandishi. Nakala ziwe tatu, na mojawapo ikae nje ya jengo, hata kama ni diski iliyofungiwa katika ofisi ya usharika wa jirani. Tafadhali msitumiane picha za kumbukumbu kama picha za kawaida za WhatsApp mkidhani mmezihifadhi, maana hubanwa na kupoteza ubora na taarifa zilizomo ndani yake.

Si kila kilichoorodheshwa kinapaswa kuonyeshwa. Tuna picha za wagonjwa wodini, za watoto, za marehemu ndani ya jeneza, na za mambo ya jando ambayo wenyewe hawakupiga ili yaonwe na wote. Ziingie katika katalogi, zipewe namba, lakini ziwekewe alama ya masharti, na familia iulizwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za watu, na haki za mpigapicha nazo zinalindwa na sheria ya hakimiliki, hivyo hati ya makabidhiano iseme wazi kama aliyetoa picha ametoa pia ruhusa ya kuzichapisha.

Lile daftari la mjane bado tunalo. Tumelipa namba na kuliorodhesha pamoja na negativi, na katika sehemu ya historia ya mkusanyo nimeandika kwa jina langu kwamba mpangilio wa awali ulivunjwa na nani na mwaka gani, kwa sababu mtafiti ana haki ya kulijua hilo. Kwa kulinganisha tarehe za daftari na nguo, mapazia ya studio na watu waliotambuliwa na jamaa zao, tumerudisha majina kwa picha 212 hadi sasa.

Kwenye meza ile iliyo karibu na mlango wa nyuma kuna nakala 40 ambazo bado hazina majina, zimepewa namba, na penseli ziko pale. Wazee wangu, kabla hamjatoka naomba mpite mezani. Anayemtambua mtu asiandike juu ya nakala yenyewe. Amwite kijana mmoja kati ya wale wawili wenye madaftari, amtajie namba ya picha na namba ya uso, naye ataandika. Picha ya 31 ina akina mama wanne kwenye mizani ya kahawa, na wa pili kutoka kushoto ameshika daftari. Tungependa kuanza na huyo.